Mazulia ya Kulabu: Kutoka Sakafu za Wavuvi hadi Majumba ya Sanaa

Zulia la kulabu hutengenezwa kwa kuvuta vipande vyembamba vya kitambaa, au nyuzi za sufu, kupitia matundu ya kitambaa cha gunia hadi vitokeze upande wa juu vikiwa vitanzi vilivyobanana. Halifumwi kwenye kitanda cha mfumi wala halifungwi mafundo kama mazulia ya Uajemi. Kitambaa cha chini huwa tayari kimefumwa, na kazi ya fundi ni kukijaza. Vifaa vyake ni fremu ya mbao ya kuwambia gunia, mkasi, na kulabu ndogo yenye mpini. Mkono mmoja hushika kulabu juu ya gunia, na mwingine hushika ukanda wa kitambaa chini yake. Kulabu huzama tunduni, huukamata ukanda, huuvuta juu kwa milimita chache, kisha huhamia tundu linalofuata. Hakuna fundo wala gundi. Vitanzi havichomoki kwa sababu vimebanana, na gunia nalo huvikaza.

Ufundi huu ulikua katika nyumba za wavuvi na wakulima wa pwani ya Atlantiki ya Amerika Kaskazini katikati ya karne ya 19, na leo kazi zake hutundikwa katika majumba ya sanaa. Katika muda huo wote, hadhi ya fundi imetegemea mambo mawili: nani aliyechora picha iliyo juu ya gunia, na jina la nani linabaki kwenye kazi ikishauzwa.

Chimbuko

Asili ya mazulia haya imebishaniwa kwa muda mrefu. William Winthrop Kent, mwandishi wa Marekani aliyechapisha kitabu juu yake mwaka 1930, aliona kwamba mizizi yake iko Uingereza, ambako wafanyakazi wa viwanda vya nguo walitumia mabaki ya nyuzi kutengeneza vitandiko. Wengi walioandika baada yake wamekubali kwamba vitandiko vya namna hiyo vilikuwepo Ulaya, lakini wanaona kwamba zulia la kulabu kama linavyojulikana leo lilipata umbo lake katika jimbo la Maine nchini Marekani na katika makoloni jirani ambayo leo ni sehemu ya Kanada: Nova Scotia, New Brunswick, Quebec na Newfoundland.

Kilichowezesha jambo hilo ni juti. Zao hili lililimwa Bengal, likasokotwa na kufumwa Dundee huko Uskoti, na baadaye katika viwanda vya Calcutta. Kuanzia miaka ya 1850 magunia ya juti yalienea katika bandari za Atlantiki yakiwa yamebeba nafaka, kahawa na vyakula vya mifugo. Ni magunia ya aina ileile ambayo katika karne ya 20 yalibeba karafuu za Zanzibar na kahawa ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kabla ya hapo kitambaa cha chini kilikuwa kitani kilichofumwa nyumbani, chenye matundu madogo na kazi nyingi ya kukiandaa. Gunia lilikuja bure baada ya bidhaa kwisha, na matundu yake mapana yalipitisha kulabu bila shida. Mama wa nyumba alilifumua, akalifua, akalishona kwenye fremu, kisha akachora picha kwa kipande cha mkaa kutoka jikoni.

Kulabu yenyewe mara nyingi ilikuwa msumari uliopindwa ncha na kukazwa kwenye kipande cha mti. Kitambaa kilitoka kwenye nguo zilizochakaa: makoti, mablanketi, sketi na chupi za sufu. Nguo iliyovaliwa na mkubwa, ikapunguzwa ikavaliwa na mdogo, mwishowe iliishia zuliani. Rangi zilipatikana kwa kuchemsha maganda ya vitunguu, magome ya miti na kuvu wa mawe, hadi pakiti za rangi za dukani zilipoingia vijijini.

Kazi hii ilifuata majira. Kiangazi na vuli zilikuwa za samaki, bustani na kuni. Mazulia yalitengenezwa kati ya Januari na Machi, wakati bahari imeganda na kazi za nje zimesimama. Zulia jipya lilitandikwa sebuleni, na huko Newfoundland kuna nyumba zilizoligeuza upande wa chini siku za kazi, zikaugeuza ule mzuri Jumapili na siku za wageni. Likianza kuchakaa lilihamishiwa jikoni, kisha mlango wa nyuma, na mwisho wake likafunika viazi ghalani. Ndiyo maana mazulia ya miaka ya kwanza yaliyosalia ni machache, na majina ya wanawake waliotengeneza mengi ya hayo hayajulikani. Walichora nyumba zao, paka wao, meli za waume zao na maua ya bustani zao, lakini hawakuweka saini.

Wauza michoro

Mabadiliko makubwa ya kwanza yaliletwa na mchuuzi wa vyombo vya bati. Edward Sands Frost, aliyezaliwa mwaka 1843, alikuwa mkazi wa Biddeford, Maine, na alikuwa amepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani upande wa Muungano. Mwaka 1868 alimwona mkewe akihangaika na zulia lililochorwa vibaya, naye akamchorea jingine. Majirani walipouona mchoro wake walitaka wa kwao. Frost alichoka kuchora kwa mkono kila kipande, na kwa kuwa alizoea kufanya kazi ya bati alianza kukata michoro kwenye mabamba ya madini, akapaka rangi juu ya matundu ili mchoro uingie kwenye gunia. Kwa njia hiyo mchoro mmoja uliweza kurudiwa mara mamia.

Michoro yake ilionyesha maua, simba, mbwa, farasi na nakshi zilizofanana na mazulia ya Mashariki. Aliibeba kwenye gari lake la kuuzia bati akapita nayo mashambani, na baadaye akafungua duka. Aliuza biashara hiyo mwaka 1876 kwa sababu ya afya dhaifu, lakini mabamba yake yaliendelea kutumika, na mengi yamehifadhiwa katika makumbusho ya Henry Ford huko Dearborn, Michigan. Upande wa Kanada, familia ya Garrett ya New Glasgow, Nova Scotia, ilianza mwaka 1892 kuchapa michoro kwenye vitambaa vya gunia na kuisambaza kwa posta. Katika karne ya 20 kampuni yao iliingiza michoro ileile ya maua na mabaharia katika nyumba za majimbo mengi.

Biashara hii ilimpa nafasi mwanamke asiyejiamini kuchora, na iliupeleka ufundi mbali na pwani. Ilikuwa na gharama yake. Mkulima wa Quebec na mke wa mvuvi wa Nova Scotia waliweza sasa kujaza simba mmoja, aliyechorwa na mtu ambaye hawakumjua. Kazi ya mikono ilibaki yao, ila mchoro ulitoka kwa mwingine. Hali hiyo ilidumu kwa miaka mingi, na iliwekwa kwenye utaratibu zaidi pale mashirika ya hisani yalipoingia.

Soksi za hariri za Labrador

Mwaka 1892 daktari Mwingereza Wilfred Grenfell alifika kwenye pwani ya Labrador na kaskazini ya Newfoundland, akakuta wavuvi wanaoishi kwa mkopo. Mfanyabiashara aliwapa unga, chumvi na nyavu mwanzoni mwa msimu, akachukua samaki mwishoni, na familia nyingi hazikushika fedha taslimu mwaka mzima. Grenfell alijenga hospitali, na makao makuu ya misheni yake yakawa St. Anthony. Aliona kwamba dawa peke yake haimtoshi mgonjwa anayerudi kwenye nyumba yenye njaa, hivyo akatafuta kazi za mikono ambazo zingeuzwa nje.

Mwaka 1906 alimwalika Jessie Luther, mwalimu wa sanaa za mikono kutoka Providence, Rhode Island. Luther alikusudia kufundisha ufumaji na ufinyanzi, lakini alikuta wanawake wa hapo tayari ni mahodari wa mazulia ya kulabu. Misheni ikaukuza ufundi huo. Iliwapa wanawake vifurushi vyenye gunia lililochorwa na vitambaa vilivyokwisha kutiwa rangi, nao wakarudisha kazi iliyokamilika. Michoro ilikuwa ya mandhari ya kaskazini: mbwa wakivuta sleji juu ya theluji, dubu weupe, bata bukini wakiruka, mashua na milima ya barafu. Grenfell mwenyewe alichora baadhi.

Sifa kubwa ya mazulia haya ilitokana na malighafi ambayo hakuna aliyeitazamia. Katika miaka ya 1920 na 1930 wanawake wa mijini walivaa soksi ndefu za hariri, nazo zilichanika upesi. Misheni ikawaomba wanawake wa Marekani, Kanada na Uingereza wasizitupe, wazitume Labrador. Zilifika kwa magunia, zikafuliwa, zikatiwa rangi na kukatwa mikanda myembamba. Kwa kuwa hariri ni laini, fundi aliweza kujaza kila tundu la gunia, mstari kwa mstari, na katika kazi bora kabisa idadi ya vitanzi ilifika 200 katika inchi moja ya mraba. Kwa wembamba huo mbingu ya jioni iliweza kupita kutoka waridi hadi kijivu bila jicho kuona mpaka, na kivuli cha mbwa juu ya theluji kikaonekana cha samawati kama kilivyo.

Kati ya mwaka 1930 na 1935 msanii Mwingereza Rhoda Dawson aliifanyia misheni kazi ya kuchora. Aliipenda michoro waliyoibuni wenyeji wenyewe, ambayo wengine waliiona haijakomaa, na baadhi ya mazulia yake yalichukua mistari myepesi na ujasiri wa rangi wa mazulia hayo ya nyumbani. Hata hivyo utaratibu haukubadilika. Mazulia yaliuzwa yakiwa na lebo ya misheni, si jina la aliyeyatengeneza. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza hariri iliadimika, baadaye nailoni ikachukua nafasi yake kwenye soksi, na biashara ikafifia. Kilichobaki ni mazulia ambayo leo hutafutwa sana na wakusanyaji, na heshima ya wanawake wa pwani ile ambao wengi wao hawakuwahi kuziona nyumba zilikokwenda kazi zao.

Kijiji cha Chéticamp

Kisiwani Cape Breton, Nova Scotia, historia ilichukua njia yake. Chéticamp ni kijiji cha Waakadia, wazao wa walowezi Wafaransa ambao Waingereza waliwafukuza katika ardhi yao kuanzia mwaka 1755. Baadhi ya waliorejea walikuja kukaa kwenye ukingo huu wa bahari katika miaka ya 1780, wakaishi kwa uvuvi wa chewa na kilimo kidogo. Lugha yao ilibaki Kifaransa, na mazulia ya matambara yalikuwa kazi ya kila nyumba.

Katika miaka ya 1920 alifika Lillian Burke, msanii wa Marekani aliyekuwa karibu na familia ya Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, iliyokuwa na makazi ya kiangazi Baddeck kisiwani humo. Burke aliona uhodari wa wanawake wa Chéticamp, lakini pia aliona kwamba rangi kali na matambara mazito havingepata soko New York. Akawafundisha kutumia uzi wa sufu badala ya matambara, kutia rangi za upole, na kufuata michoro ya maua na nakshi aliyoiandaa yeye. Alileta maagizo ya mazulia makubwa ya vyumba vya matajiri. Zulia kama hilo lilihitaji fremu iliyojaza chumba, na wanawake kadhaa waliketi pande zote mbili kwa miezi, kila mmoja akiwa na sehemu yake.

Kazi hizo zilileta fedha wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, na familia nyingi zilipata chakula kwa sababu yake. Wanaume nao walitengeneza fremu, na majira ya baridi wengine walishika kulabu pamoja na wake zao. Lakini wanawake walijua pia kwamba bei waliyolipwa na bei ya New York zilitofautiana mno. Katikati ya muongo huo baadhi yao walijitenga na Burke wakaanza kuuza wenyewe. Wakati uliwapendelea. Barabara ya Cabot Trail inayozunguka kaskazini ya kisiwa ilikamilika mwaka 1932, na hifadhi ya taifa ya Cape Breton Highlands ilianzishwa mwaka 1936 mlangoni mwa kijiji. Watalii walipita kwa magari, na mazulia yalianikwa kwenye nyua na kando ya maduka. Baadaye kijiji kikaunda ushirika wa mafundi. Chéticamp ilichukua ustadi wa Burke, yaani uzi wa sufu na rangi za upole, ikairudisha biashara mikononi mwa waliofanya kazi.

Elizabeth LeFort

Kutoka kijiji hiki alitokea fundi wa kwanza wa mazulia ya kulabu aliyejulikana duniani kwa jina lake. Elizabeth LeFort alizaliwa mwaka 1914 Point Cross, kando ya Chéticamp. Kama wasichana wengi wa hapo, alijifunza kazi kwa mama yake angali mdogo, akijaza maua na nakshi za maagizo. Kilichomtenga na wenzake ni jicho lake la rangi. Karibu mwaka 1940 alijaribu kuinakili picha ya mandhari ya shamba kutoka kwenye kadi, akitumia rangi ya kahawia katika viwango vingi vya kukolea. Kazi ile ilimwonyesha kwamba sufu inaweza kubeba mwanga na kivuli.

Kuanzia hapo aliacha nakshi akaelekea kwenye picha, na mwishowe kwenye sura za watu. Sura ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika ufundi huu. Mchoraji wa rangi za mafuta huchanganya rangi mbili juu ya turubai hadi zipatane. Fundi wa kulabu hawezi. Kila kitanzi kina rangi moja, na haiguswi tena baada ya kuvutwa. Ili shavu liviringike, lazima uzi uandaliwe mapema kwa hatua nyingi ndogo za rangi, na kila hatua iwekwe mahali pake, safu kwa safu. Kosa la vitanzi vichache kwenye kope au pembe ya mdomo hugeuza mtu kuwa mwingine. LeFort alitia rangi nyuzi zake mwenyewe, na katika picha moja aliweza kutumia mamia ya rangi zilizokaribiana.

Kazi zake zilitangazwa na Kenneth Hansford, mfanyabiashara aliyekuwa na duka la zawadi Margaree Harbour, ambaye baadaye alifunga naye ndoa. Picha ya Rais Dwight Eisenhower ilifika Ikulu ya Marekani, ya Malkia Elizabeth II ilipokelewa katika Kasri la Buckingham, na ya Papa Pius XII ilikwenda Vatikani. Alitengeneza pia picha za marais wa Marekani na matukio ya Biblia, miongoni mwake mateso ya Kristo msalabani, kazi kubwa iliyoonyesha imani ya kijiji alichotoka. Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Moncton, chuo cha Waakadia, kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari, na mwaka 1987 alipewa Nishani ya Kanada. Alifariki mwaka 2005. Kazi zake nyingi ziko katika jumba la Les Trois Pignons huko Chéticamp, ambako msafiri anaweza kuzitazama kwa karibu hadi aone vitanzi, kisha akarudi nyuma hatua chache aone uso.

Wapo waliosema kwamba LeFort alinakili picha za kamera, hivyo hakuwa mbunifu. Hoja hiyo inaupuuza ugumu wa alichofanya, na pia hali aliyoikuta. Kabla yake, fundi alikuwa mkono usio na jina nyuma ya lebo ya duka, misheni au mchoraji wa mjini. Baada yake ilikubalika kwamba zulia la kulabu linaweza kuwa na mwandishi wake kama kitabu. Hatua iliyobaki ilikuwa mwandishi huyo kusimulia habari zake mwenyewe.

Wasanii na walimu

Hatua hiyo ilikuwa imeanza kujaribiwa pembeni. Emily Carr, mchoraji mashuhuri wa Victoria kwenye pwani ya magharibi ya Kanada, alitengeneza mazulia ya kulabu na kuyauza katika miaka ambayo picha zake hazikumpatia riziki na aliishi kwa kupangisha vyumba. Marguerite Zorach, msanii wa Marekani aliyesoma Paris na kuipenda sanaa mpya ya huko, alitumia nyuzi kwa uhuru uleule aliotumia rangi za mafuta. Zulia lake la kulabu la mwaka 1936 lenye wanyama na mimea ya msituni limo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Hata hivyo hawa walikuwa wachoraji waliokopa kulabu, na wenzao wengi waliendelea kuiona kazi ya nyuzi kuwa ya nyumbani.

Kwa upande wa pili, ufundi wenyewe ulipata walimu. Pearl McGown wa Massachusetts, aliyeishi kuanzia 1891 hadi 1983, alichora mamia ya michoro, akaandika vitabu na kuandaa mafunzo ya walimu wenye vyeti. Wanafunzi wake walijua kutia rangi sufu kwa hatua sita au nane na kulijaza ua la waridi petali kwa petali. Wakosoaji walilalamika kwamba mbinu hiyo iliwafanya watu wengi watoe kazi zinazofanana. Ni kweli, lakini ni mtandao huo wa walimu uliouvusha ufundi katika miaka ambayo viwanda vilijaza nyumba mazulia ya bei rahisi. Molly Nye Tobey, aliyekuwa na elimu ya ubunifu, alionyesha njia nyingine kwa kutengeneza mazulia ya majimbo yote 50 ya Marekani kwa michoro yake, na mkusanyiko huo umehifadhiwa katika Makumbusho ya Shelburne, Vermont.

Vifaa navyo viliboreka. Mashine ndogo ya kukatia, inayozungushwa kwa mkono, hutoa mikanda yenye upana sawa. Ukanda wa namba 3 una upana wa milimita 2.4 hivi, na wa namba 8 una milimita 6 hivi. Wa kwanza hufaa kwa nyuso na petali, wa pili kwa mazulia yenye maumbo makubwa na sahili. Kitambaa cha kitani au cha pamba nzito kilichukua nafasi ya gunia, kwa sababu juti hukauka na kukatika baada ya miongo michache. Vyama navyo viliundwa, kikiwemo cha Nova Scotia mwaka 1979, na mwaka 1994 kikaundwa chama cha kimataifa kinachowakutanisha mafundi wa mabara mbalimbali.

Wachora maisha yao

Nancy Edell alizaliwa Omaha, Nebraska, mwaka 1942, akafanya kazi ya filamu za katuni kabla ya kuhamia Nova Scotia mwaka 1980. Huko alikutana na mazulia ya kulabu ya wanawake wa vijijini, akajifunza. Badala ya maua na mashua alijaza ndoto, miili ya wanawake, na kundi la watawa wa kubuni ambao dini yao ni sanaa. Alipanga kazi zake kama picha za altare za Ulaya ya kale, zenye ubao wa kati na mabawa mawili, akaunganisha mbao zilizochorwa na sehemu za zulia. Kwa kuchagua kulabu, Edell alisema wazi kwamba kazi iliyodharauliwa kwa sababu ni ya wanawake inafaa kubeba mawazo makubwa. Alifundisha chuoni Halifax, na hadi kifo chake mwaka 2005 kazi zake zilionyeshwa kama sanaa ya kisasa bila kuombewa radhi.

Deanne Fitzpatrick alikuja kwa njia nyingine, kutoka ndani ya mila yenyewe. Alizaliwa Freshwater, kwenye ghuba ya Placentia huko Newfoundland, wa mwisho kati ya mabinti saba. Bibi zake walitengeneza mazulia kwa sababu ya uhitaji, na kizazi cha mama yake kiliyaacha kwa furaha mara tu kilipoweza kununua ya dukani, kwa kuwa zulia la matambara lilikumbusha umaskini. Fitzpatrick alihamia Nova Scotia akiwa kijana, na mwanzoni mwa miaka ya 1990, akitafuta mazulia ya nyumba ya shamba aliyokuwa akiishi karibu na Amherst, akajifunza ufundi ambao familia yake ilikuwa imeuweka kando.

Alianza na michoro ya watu wengine, kisha akaanza kuchora alichokikumbuka: safu za nyumba za rangi juu ya mawe, wanawake wamesimama ufukweni kwa makoti marefu, mashua, mikusanyiko ya jikoni. Mandhari hayo yana uzito kwa watu wa Newfoundland. Kati ya mwaka 1954 na 1975 serikali ilihamisha jamii nyingi kutoka visiwani na ghubani, na ghuba ya Placentia iliathirika sana. Mwaka 1992 uvuvi wa chewa ulipigwa marufuku na maisha ya karne nyingi yakasimama. Zulia lililokuwa kitu cha sakafuni katika nyumba zile limekuwa mahali pa kuzihifadhi.

Mbinu zake zinafuata kusudi hilo. Hukata kitambaa kwa mkasi pasipo kujali upana ulio sawa, akachanganya sufu ya nguo kuukuu, mahameli, uzi mnene na sufu isiyosokotwa, ili anga iwe na mwendo na nyasi ziinuke. Mwaka 1999 alichapisha kitabu chake kuhusu historia na mbinu za mazulia ya kulabu ya pwani ya Atlantiki ya Kanada, na vingine vimefuata. Picha za kitabu cha watoto cha mshairi Sheree Fitch, kilichotoka mwaka 2013, ni mazulia yake. Studio yake ya Amherst huuza michoro na vifaa na kufundisha wanafunzi, na humo swali la zamani, la nani achore, limepata jibu lake: mwanafunzi hupewa mchoro wa kuanzia, kisha huhimizwa aubadilishe, aache wa mwalimu na achore wa kwake.

Kizazi kilichofuata hakihitaji tena kuomba ruhusa. Hannah Epstein, aliyezaliwa Halifax mwaka 1985, alikutana na kulabu alipokuwa akisoma fasihi simulizi na mila katika Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland. Mazulia yake yamejaa mazimwi, wahusika wa michezo ya kompyuta na picha za utani zinazosambaa kwenye intaneti, kwa rangi zinazogombana. Ukitazama kwa haraka hayafanani na chochote cha bibi wa Newfoundland. Kwa mtazamo wa historia hii yanafanana kabisa, kwa kuwa bibi yule naye alichora vilivyomzunguka: paka, meli na jirani.

Mambo ya msingi hayajabadilika kwa zaidi ya miaka 150. Kitambaa kilichokwisha kutumika, kitambaa cha chini chenye matundu, na kulabu moja vinatosha. Kilichobadilika ni hadhi ya anayeshika kulabu. Wanawake wa kwanza walichora wenyewe bila kuacha jina. Waliowafuata walijaza michoro ya wachuuzi, misheni na wachoraji wa mjini. Elizabeth LeFort aliliweka jina la fundi mbele. Na wasanii wa leo wana vyote viwili, mchoro na jina. Kwa sababu hiyo, majumba ya makumbusho yanayomiliki mazulia ya zamani yana deni la kuendelea kuwatafuta waliotengeneza na kuandika majina yao pale yanapopatikana, maana kazi yao ndiyo msingi wa sanaa hii yote.